Kolwezi Ndani ya Diski Kongwe

Anayefungua diski kuu ya kompyuta ya miaka ya 1990 hukuta ndani sumaku ndogo zenye nguvu ya kubana kidole mpaka damu ivie. Sumaku hizo hazikutengenezwa kwa kobalti, na sababu mojawapo iko Kolwezi, mji wa migodi ya kobalti katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mei 13, 1978, waasi wa kundi la FNLC waliuvamia mji huu, kazi za migodini zikasimama na bei ya kobalti ikaruka duniani kote. Wakati huo sumaku bora zilikuwa za samari na kobalti, kwa hiyo watafiti wakahangaika kutafuta mbadala. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Masato Sagawa huko Japani na John Croat wa General Motors huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, wakapata sumaku ya neodimi, chuma na boroni. Ndiyo iliyokuja kusukuma mkono wa kusomea ndani ya diski. Kobalti nayo haikufukuzwa: utando unaotunza data juu ya sahani za diski hizo ni aloi ya kobalti.

Kwa mkazi wa Manika, mtaa wa Kolwezi, basi, kompyuta kongwe za Unix zilizobeba diski kama hizo si mali ya wageni.

Zilikuwa kompyuta za wahandisi, ghali, zilizojengwa kwa kazi nzito. Sun Microsystems, iliyoanzishwa 1982, ilitoa SPARCstation 1 mwaka 1989, kisanduku bapa kinachokaa chini ya kioo chake. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza cha wavuti kwenye mashine ya NeXT mwaka 1990. Dinosaria za kidijitali za filamu ya Jurassic Park, 1993, zilichorwa kwenye mashine za Silicon Graphics. Leo simu ya mkononi ya bei poa inazipita zote kwa kasi, lakini anayezipenda hatafuti kasi. Anatafuta mashine ambayo kila sehemu yake iliwahi kuandikiwa kitabu cha maelezo, na ambayo mtu mmoja anaweza kuielewa yote.

Hapo ndipo ufundi wa kuchagua unapoanza, na mtego wa kwanza ni uzuri. Octane ya Silicon Graphics ya 1997, yenye ganda la buluu-kijani, humfanya mtu asahau kwamba ina uzito wa zaidi ya kilo 20 na inakula umeme kwa pupa. Mkoa wa Lualaba, ulipo mji wa Kolwezi, una mabwawa ya Nzilo na Nseke, lakini mitaani umeme hukatika, na Unix nyingi za zamani zikizimwa ghafla huamka kwa kukagua diski nzima kabla ya kufunguka tena. UPS inunuliwe kabla ya mashine. (Wengi hufanya kinyume.)

Fundi mzoefu haulizi mashine inaweza nini. Anauliza nini kimeshakufa ndani yake. Katika SPARCstation 5 ya 1994 jibu ni karibu lile lile kila mara: chipu ya saa, M48T08, ambayo betri yake imefunikwa ndani ya plastiki. Ikiisha, kompyuta husahau namba yake ya utambulisho na hata anwani yake ya mtandao. Dawa inahitaji mkono mtulivu: kukwangua plastiki kwa uangalifu, kukata njia ya betri iliyokufa, kulehemu nyaya mbili, kisha kuweka betri bapa ya CR2032 inayouzwa kila mahali. Baada ya hapo namba huandikwa upya kwa mkono kwenye alama ya "ok", kwa lugha ya Forth iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Ni kazi ya mezani ya jioni moja, na inafurahisha kuliko kununua kipya.

Kioo chake cha asili, chenye plagi ya 13W3, kisimsumbue mtu. Ikiwashwa bila kibodi, SPARCstation huzungumza kupitia mlango wa mfululizo (serial), na laptopu yoyote yenye waya unaofaa inatosha kuisikiliza. Diski ikianza kulia, vibao vya kisasa kama ZuluSCSI hujifanya diski kwa kutumia kadi ya kumbukumbu. Ila SPARCstation 5 ina kiunganishi cha pini 80, kwa hiyo adapta iagizwe pamoja.

Octane isubiri. Anayeanza Kolwezi atafute SPARCstation 5 iliyo kamili, hata kama imesahau jina lake, na aiwekee mfumo endeshi wa NetBSD: toleo la 10, lililotoka 2024, bado linaikubali.