Rangi Chini ya Plasta

Umeme haujui rangi. Funga waya wa bluu mahali pa ule wa kahawia: pasi itapata moto vilevile, redio itaimba, na mwenye nyumba atashukuru. Ndiyo maana namheshimu fundi umeme anayefuata rangi. Anatii sheria ambayo soketi yenyewe haimdai.

Itazame soketi yetu ya matundu matatu, urithi wa Waingereza. Ukiikabili ukutani, laivu iko kulia, nyutro kushoto, athi juu. Kahawia, bluu, na kijani chenye mstari wa njano. Laivu na nyutro zikibadilishana, kifaa hakitalalamika. Lakini swichi yake inayokata waya mmoja sasa itakata nyutro, na moto utabaki ndani ya kifaa ambacho mama mwenye nyumba anaamini amekizima. Fyuzi ya plagi nayo italinda upande usiostahili kulindwa. Hata ndani ya plagi fundi bora huuacha waya wa athi mrefu kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu, athi iwe ya mwisho kung'oka.

Zamani kila nchi ya Ulaya ilikuwa na rangi zake. Nyekundu iliyokuwa laivu kwa Mwingereza ilikuwa athi kwa Mjerumani, hitilafu ya kuua mtu kabisa. Mapatano yakazaa rangi za leo, na ule mstari wa njano humsaidia hata asiyeweza kutofautisha kijani na nyekundu. Waingereza wenyewe waliziruhusu kwenye nyaya za ukutani mwaka 2004, zikawa lazima mwaka 2006.

Huku kwetu nyumba nyingi za zamani bado zina nyekundu na nyeusi chini ya plasta, na mwenye nyumba anapoongeza chumba, nyaya mpya hukutana na za kale. Hapo ndipo ufundi hujulikana. Katika fezi tatu za zamani, nyeusi ni nyutro na bluu ni fezi. Katika mpya, nyeusi ni fezi na bluu ni nyutro. Mikono inayokwenda kwa mazoea hapo huangamia. Fundi makini huzima meni swichi, hupima kila waya kwa mita, kisha hubandika tangazo kwenye bodi kwamba humu mna rangi za aina mbili.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni ndogo mno. Waya wa bluu unaposhuka kwenye swichi ya taa kisha ukarudi juu na moto, si nyutro tena. Basi fundi huuviringishia tepu ya kahawia, huku na huku, ili atakayefungua baada yake asidanganyike. Mwenye nyumba hataiona kamwe. Nikimkuta fundi anakata tepu hiyo huku anaharakishwa amalize, sibishani naye bei.