Swali Linalotangulia

Kwa Sadala ni mahali pa biashara. Barabara kuu ya Moshi–Arusha inapita hapo, na njia ya Masama inaanzia hapo kupanda kwenye vihamba, yaani mashamba ya Wachaga ya mlima Kilimanjaro. Ndizi na mboga hushuka, fedha hupanda, na siku hizi fedha nyingi hupandia kwenye simu. Ndiyo maana anayetaka kuona mteja akihudumiwa na mtu anayeijua kazi yake asimame kando ya kibanda cha wakala, asikilize. Mazungumzo ya aina hii hayakosekani.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Mwanangu, hela yangu imekwenda kwa mtu nisiyemjua.”

“Pole sana. Umeituma mwenyewe, au kuna mtu alikupigia akakuambia ubonyeze?”

“Nimetuma mwenyewe. Ni ada ya mtoto, nikakosea namba moja.”

“Sasa hivi, au tangu asubuhi?”

“Sasa hivi tu.”

“Ujumbe wa muamala unao? Basi usiufute. Twende tuwapigie.”

Maswali ni matatu tu, lakini kila moja lina kazi yake. La kwanza linatenganisha kosa na utapeli. Aliyetapeliwa huenda ameshataja namba yake ya siri, na hatua yake ya kwanza ni kuilinda akaunti kabla ya kuifuatilia hela iliyokwenda. La pili linapima muda, kwa sababu hela iliyotumwa kimakosa hurudishika kwa urahisi ikiwa bado imo kwenye akaunti ya aliyeipokea. Akishaitoa, shauri linakuwa refu. La tatu linakusanya ushahidi: namba ya muamala, kiasi, saa. Yabadilishe mpangilio, uanze na jina la mteja na mahali anapokaa, na dakika zinazohitajika kuiokoa ada ya mtoto zitakuwa zimepita.

Wakala mzoefu anao mpangilio huo kichwani. Aliyeanza kazi juzi hanao, wala kijana aliyevaa vifaa vya masikioni kwenye kituo cha huduma kwa wateja, anayepokea simu za watu wenye matatizo ya kila namna. Kwa ajili yao zimetengenezwa programu za kuongoza maamuzi. Skrini inaonyesha swali moja. Mhudumu anamuuliza mteja, anachagua jibu, na jibu hilo linaleta swali linalofuata, mpaka wafike kwenye jambo la kutenda: zuia akaunti, rudisha muamala, mpeleke kwa msimamizi. Ukiitazama haraka utaiona ni orodha tu. Ukikaa nayo utagundua ni kazi ya fundi, na ufundi wenyewe uko kwenye kuamua swali lipi litangulie.

Wachaga wa mlimani wanaufahamu ufundi wa namna hiyo kupitia mifongo, ile mifereji inayoteremsha maji kutoka mitoni hadi vihambani. Mchimbaji wa mfongo hana nguvu ya kuyasukuma maji. Anachoweza ni kuchagua mahali pa kuyagawa, na akikosea mgawanyo wa juu, hakuna bidii ya chini itakayomfikishia maji mwenye kihamba cha mwisho.

Afrika Mashariki imeuona ufundi huu ukifikia kimo chake cha juu mahali ambapo mteja hawezi hata kusema, yaani kwenye zahanati, mbele ya mtoto mgonjwa. Katikati ya miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandaa mwongozo wa kuwahudumia watoto wa chini ya miaka mitano, unaojulikana kwa kifupi IMCI. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kabisa kuutumia. Ni mti wa maamuzi uliochapishwa kwenye karatasi, na hatua zake zimepakwa rangi tatu: pinki kwa mtoto wa kupewa rufaa haraka, njano kwa anayetibiwa hapo hapo, kijani kwa anayerudi nyumbani na mama yake akiwa amepewa maelekezo.

Tazama jinsi ulivyopangwa. Kabla ya kuulizia kikohozi, homa au kuharisha, mhudumu anatafuta dalili za hatari: mtoto anaweza kunywa au kunyonya? Anatapika kila anachokula? Amepata degedege? Amelegea au amepoteza fahamu? Dalili moja tu ikiwepo, njia inageuka kuelekea rufaa. Kisha yanafuata malalamiko. Kwenye kikohozi, mwongozo haumwambii mhudumu akadirie kama mtoto “anahema sana”, kwa sababu kila mtu ana “sana” yake. Unamwambia ahesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa mwenye miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni za kasi. Kwa mwenye miezi 12 mpaka kabla ya kutimiza miaka mitano, ni 40 au zaidi. Muuguzi wa mwaka mmoja kazini na daktari wa miaka thelathini, wakihesabu vizuri, watafika kwenye jibu moja.

Hapo ndipo ninapovua kofia. Mtu fulani alikaa chini na maarifa makubwa ya tiba ya watoto, akayapunguza mpaka yakawa mambo ya kuuliza, kutazama, kusikiliza na kugusa, bila kuyapotosha. Kupunguza ni kazi ngumu kuliko kuongeza. Matunda yake yalionekana: tathmini iliyofanyika Tanzania ililinganisha Morogoro Vijijini na Rufiji, zilizotumia mwongozo huo, na Kilombero na Ulanga ambazo hazikuutumia. Vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizoutumia, na gharama hazikuwa kubwa zaidi.

Ila karatasi ina udhaifu wake. Foleni ikiwa ndefu, kitabu kinafungwa na mhudumu anategemea kumbukumbu, na kumbukumbu huruka hatua. Kwa hiyo mafundi wakauhamishia mti ule kwenye kifaa cha mkononi. Mwaka 2008 zilichapishwa habari za jaribio la Mtwara, ambapo wahudumu walitumia kompyuta za kiganjani zilizowaletea hatua moja baada ya nyingine. Walifuata mwongozo kwa ukamilifu zaidi kuliko walipofanya kazi kwa mazoea.

Baadaye jijini Dar es Salaam ilijaribiwa programu iliyoitwa ePOCT, kati ya Desemba 2014 na Februari 2016, kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa katika vituo 9. Iliunganisha maswali na vipimo vidogo vya papo hapo, kama cha oksijeni kwenye damu. Ililinganishwa na ALMANACH, programu nyingine iliyotangulia. Watoto ambao matibabu yao hayakufanikiwa hadi siku ya saba walikuwa asilimia 2.3 kwa ePOCT, na asilimia 4.1 kwa ALMANACH. Walioandikiwa antibiotiki siku ya kwanza walikuwa asilimia 11.5, dhidi ya 29.7. Dawa zilipungua na watoto wakapona zaidi, kwa sababu waliouhitaji usaidizi walitambuliwa mapema na wasiouhitaji hawakulishwa vidonge bure.

Kutoka kitanda cha zahanati hadi kaunta ya wakala hatari si sawa, lakini kanuni za ufundi ni zile zile. Hatari hutangulia. Swali huulizia kinachoonekana au kinachohesabika. Swali ambalo jibu lake halibadilishi hatua inayofuata huondolewa, hata kama meneja angependa kulijua jibu hilo kwa ajili ya ripoti yake. Kila njia huishia kwenye jambo la kutenda. Na lazima uwepo mlango wa “sijui”, unaompeleka mteja kwa mtu mwenye uzoefu badala ya kumzungusha alikotoka.

Hata menyu ya *150*00#, iliyozoeleka tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, inazitii kanuni hizi. Ujumbe mmoja wa menyu za aina hiyo hauzidi herufi 182, kwa hiyo aliyeuandika alilipima kila neno. Na siku hizi, kabla hela haijatoka, mtumaji huonyeshwa jina la anayeipokea. Hatua hiyo imewekwa pale ambapo kosa bado halijawa hasara. Aliyeiweka hapo amewahudumia watu wengi ambao hawatapiga simu kamwe kulalamika.

Wapo wanaohofu kwamba programu za namna hii zinamfanya mhudumu kasuku. Zikitengenezwa vibaya, ndiyo, na kila aliyewahi kusomewa maneno yale yale na mtu asiyemsikiliza anaijua adha yake. Ikitengenezwa vizuri, programu inambebea mhudumu mzigo wa kukumbuka, naye anabaki na nafasi ya kumtazama mteja usoni. Muuguzi asiyehangaika na “hatua inayofuata ni ipi” anapata muda wa kumtuliza mama. Kumwambia “pole sana” kwa moyo hakumo kwenye mti wowote wa maamuzi, na hakutakiwi kuwamo. Hilo ni la mtu, na programu njema inamwachia.

Kwa hiyo ninawasihi vijana wetu wanaoandika programu za huduma kwa wateja katika benki, kampuni za simu na mamlaka za maji: msianzie kwenye kompyuta. Nendeni Kwa Sadala, au stendi ya Moshi, mkakae na wakala anayeheshimika kwa watu wake. Andikeni anachouliza kwanza, kisha mumuulize kwa nini hakuanza na kingine. Majibu yake yamelipiwa kwa hela za watu zilizopotea na zilizookolewa. Mkiyaweka kwenye programu kwa mpangilio wake, mhudumu wa siku ya kwanza kazini ataweza kumsaidia mama wa Masama kama anavyosaidiwa na mzoefu.