Tangi Linalotaka Kupumua

Gari lilikuwa likizima kila linapojazwa mafuta. Likiwa na robo tangi lilikimbia siku nzima bila kukohoa. Likijazwa mpaka shingoni, dakika 40 barabarani haziishi kabla halijaanza kukatakata, kupoteza nguvu na hatimaye kunyamaza. Rafiki yangu, Mkenya anayeishi Phoenix, Arizona, alikuwa ameshahama vituo vitatu vya mafuta akiamini anauziwa petroli iliyochakachuliwa. Juu ya hilo, gari lilinuka. Ukilifungua asubuhi baada ya lenyewe kulala ndani ya gereji, harufu ya petroli inakupokea kabla hujaketi.

"Kaka, hili gari litaniua kwa harufu au litaniacha jangwani," aliniambia. "Njoo ulione mwenyewe."

Nataka kueleza kwa kirefu jinsi tulivyolitengeneza, kwa sababu magonjwa hayo mawili yalikuwa na mzizi mmoja, na kwa sababu dawa wanayoikimbilia mafundi wengi, yaani kuziba kila tundu linalonuka, ndiyo iliyokuwa imezaa nusu ya shida.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Mashabiki wa Safari Rally wanalijua umbo lake hata gizani: Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda nalo tena mwaka 1973. Lina injini ya silinda sita ya lita 2.4, kabureta mbili, na pampu ya mafuta inayoendeshwa na injini yenyewe. Tangi la lita 60 liko nyuma, chini ya sakafu ya buti, limeshikwa na mikanda miwili ya chuma. Lakini magari yaliyopelekwa Marekani yana jambo la ziada. California ilidai kuanzia modeli za 1970, na nchi nzima kuanzia za 1971, kwamba mvuke wa petroli usiachwe kutoroka hewani. Kwa hiyo wahandisi wa Datsun walilipa tangi hili njia yake ya kupumulia, na fundi asiyeielewa njia hiyo hawezi kulitibu.

Fikiria kazi ya tangi kwa siku moja. Injini inaponyonya lita moja, lazima kitu kiingie kushika nafasi yake, la sivyo tangi linabaki na ombwe. Jua linapopanda, mambo yanageuka. Petroli hutanuka kwa pungufu kidogo ya sehemu moja kwa elfu kila nyuzijoto moja ya Selsiasi inapoongezeka. Lita 60 zilizojazwa alfajiri zikipanda nyuzi 30, zinataka nafasi ya lita 1.7 zaidi, na huo ni ujazo wa kimiminika tu. Mvuke unaofuka juu yake unasukuma kwa nguvu kubwa zaidi. Phoenix wakati wa kiangazi inavuka nyuzi 40 kivulini, sembuse juu ya lami.

Datsun walitatua hivi. Kutoka tangi kuu na shingo yake, mipira kadhaa inapanda hadi kwenye tangi dogo la mvuke lililofichwa ndani ya gari, nyuma ya paneli ya plastiki ya ubavu wa kulia. Liko juu kwa makusudi. Mvuke ukifika pale, matone ya petroli huachana nao na kurudi chini kwa uzito wake. Mvuke uliobaki husafiri kwa paipu nyembamba chini ya sakafu mpaka mbele, kwenye vali ndogo yenye midomo mitatu: mmoja wa tangi, mmoja wa kasha la krenki, mmoja wa chujio la hewa. Injini ikiwa imezimwa na shinikizo likafika kama milimita 10 za zebaki, vali hufunguka na kupeleka mvuke kwenye kasha la krenki ukasubiri huko. Injini ikiwaka, mvuke huo hunyonywa na kuchomwa. Na tangi likibaki na ombwe, vali hiyo hiyo huruhusu hewa iliyochujwa irudi nyuma mpaka kwenye tangi. Mfuniko wa tangi haushiriki kabisa. Kazi yake ni kufunga tu. Kwangu mimi huu ni usanifu wa kupendeza sana: hakuna umeme, hakuna kompyuta, ila mipira, kimo na vali moja.

Tulipofungua paneli ya plastiki hatukukuta tangi la mvuke. Mwenye gari wa zamani, bila shaka akiwa amechoshwa na mipira iliyopasuka, aliling'oa na kulitupa ndani ya boksi la vipuri pamoja na ile vali ya mbele. Chuchu za tangi kuu alizivalisha vipande vifupi vya mpira, akachomeka bolti ndani ya kila kimoja na kukaza klipu. Kisha, ili gari liendelee kutembea, akatoboa mfuniko wa mafuta.

Kutoboa mfuniko nimekuona sehemu nyingi, na siupendi utaratibu huo hata kidogo. Tundu linaingiza hewa, kweli, lakini linatoa mvuke saa 24, linarusha petroli kwenye kona tangi likiwa limejaa, na linaingiza vumbi na maji. Katika 240Z mfuniko uko ubavuni, karibu na pale mlango mkubwa wa nyuma unapofungia. Rafiki yangu, kwa kuikimbia harufu, alinunua mfuniko mpya kama wa kiwandani, usio na tundu. Hapo ndipo gari lilipoanza kuzima. Alikuwa ameziba pua ya mwisho iliyobaki.

Sasa ile kesi ya tangi lililojaa. Chukua tangi lenye lita 50: juu yake kuna nafasi ya lita 10 tu. Gari likichoma lita 6, hewa ile ya lita 10 inalazimika kutandaa katika lita 16, na shinikizo lingeshuka hadi chini ya theluthi mbili ya lilivyokuwa. Chukua tangi lenye lita 20: nafasi ni lita 40, na baada ya lita 6 zile zile inakuwa 46. Shinikizo linashuka kidogo tu, na pampu haijui tofauti. Mvuke wa petroli hupunguza makali ya hesabu hii, lakini huleta balaa lake, kwani petroli iliyo chini ya ombwe huchemka kwa joto dogo zaidi, na pampu inajikuta inavuta mapovu badala ya mafuta. Vituo vile vitatu havikuwa na kosa lolote. Ushahidi ulikuwa rahisi: gari likizima, fungua mfuniko. Tangi lilivuta hewa kwa mluzi mrefu, na baada ya dakika chache injini ikawaka.

Na harufu je, ikiwa mfuniko umefunga? Ilitoka kwenye kipimo cha mafuta, ambacho katika tangi hili kimekaa ubavuni, chini ya usawa wa mafuta linapokuwa limejaa. Oringi yake ilikuwa ngumu kama ganda la mkoma. Gari likilala na joto, shinikizo lisilo na pa kutokea lilikuwa likiikamua petroli tone kwa tone kupitia hapo.

Kulishusha tangi si kazi ngumu, ila inataka adabu. Tulikata betri, tukatoa gari nje ya gereji, tukamwaga mafuta kupitia bolti ya chini, tukaegemeza tangi kwenye jeki yenye ubao, tukalegeza mikanda. Hapa niseme jambo ambalo nalisema kila ninapopewa nafasi: tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, hutambaa sakafuni kutafuta moto, na hewa yenye mvuke wa asilimia 1.4 tu inatosha kulipuka. Hata petroli yenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sufuri hutoa mvuke wa kukaribia kuwaka. Kama tangi lina kitundu cha kutu cha kuchomelea, lipeleke kwa fundi anayejua kulichemsha na kulisafisha kwanza. Usiguse moto karibu nalo nyumbani, hata kama umelisuuza mara tatu.

La kwetu halikutoboka. Ndani lilikuwa na utando wa petroli iliyooza na kutu nyepesi, tukavitoa kwa siki na mnyororo mdogo wa kutikisa, tukasuuza, tukakausha. Rafiki yangu alitaka tulipake dawa ya kuziba kwa ndani. Nilikataa. Dawa ile ina faida kwenye tangi lenye vitundu, lakini isiposhika vizuri hubanduka baada ya miaka, na vipande vyake huziba zile zile chuchu tunazotaka ziwe wazi.

Oringi mpya ya kipimo, mipira mipya, tangi la mvuke kutoka kwenye boksi likarudi mahali pake. Mipira haikununuliwa kwa kipenyo tu. Petroli ya Marekani leo kwa kawaida ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, na mpira wa kizamani hulainika, kupasuka na kupitisha mvuke hata ukiwa mzima kwa macho. Tulichukua ule wenye alama ya 30R9, ambao tabaka lake la ndani linahimili mchanganyiko huo. Vali ya midomo mitatu tuliipima kwa kupuliza: hewa kutoka upande wa tangi ilitokea upande wa krenki; kutoka krenki haikupita; kutoka chujio la hewa ilipita kuelekea tangi. Ilikuwa nzima baada ya nusu karne.

Kisha tukafika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kitabu cha ufundi cha Datsun kina kipimo cha kukagua njia nzima kwa maji tu. Unachukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unaukunja umbo la U, unautia maji, na hiyo ndiyo manometa yako. Unaunganisha na paipu ya mvuke, unapuliza taratibu mpaka tofauti ya maji ifike sentimita 37 hivi, unafunga. Baada ya dakika mbili na nusu, maji yasiwe yameshuka zaidi ya sentimita 2.5. Hapo umejua kama kuna uvujaji. Halafu, na watu wengi huiruka hatua hii, unafungua mfuniko wa tangi. Maji yanapaswa kuanguka hadi usawa mara moja. Yakisitasita, njia imebanwa mahali.

Tulipuliza. Sentimita 37. Dakika mbili na nusu baadaye maji yalikuwa yameshuka nusu sentimita. Rafiki yangu alikuwa ameanza kukusanya spana. Nikafungua mfuniko, na maji yakashuka polepole, kama mtu anayeteremka ngazi za giza. Hakukuwa na uvujaji wowote, lakini tangi lilikuwa bado halipumui.

Kosa lilikuwa letu. Mipira ya kiwandani ya 240Z ilifinyangwa ikiwa na kona zake; sisi tulitumia mpira ulionyooka na kuupinda kwa nguvu. Ule unaopanda kutoka shingo ya tangi ulikuwa umejikunja nyuma ya bodi, mahali jicho halifiki, ukabaki mwembamba kama unyasi. Mwingine ulikuwa na bonde: umeshuka kabla ya kupanda. Bonde katika njia ya mvuke ni kosa baya zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu matone hukusanyika pale na kuwa kizibo cha petroli, kama maji ya ile kona ya bomba chini ya sinki yanavyozuia harufu ya choo isipande. Siku ya kwanza njia ingepita vizuri. Baada ya wiki ingezibwa na petroli yenyewe. Nadhani magari mengi yaliyofungwa mipira mipya, na ambayo bado pampu ya kituo hukatika kila unapojaza, yanaumwa ugonjwa huu.

Tuliagiza mipira iliyofinyangwa kwa ajili ya gari hilo, tukangoja siku nne. Iliingia kila mmoja kwenye njia yake bila kulazimishwa, yote ikipanda mfululizo kuelekea tangi la mvuke. Tukapuliza tena. Maji yakakaa. Nikafungua mfuniko na yakaanguka kwa kishindo hata mengine yakaruka nje ya mpira.

Jumamosi tulijaza tangi mpaka pampu ikate, tukaelekea Flagstaff. Ni kilomita 230 hivi, na barabara inapanda kutoka mita 330 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,100, joto chini, hewa nyepesi juu: mtihani mzuri kwa tangi. Halikukatakata hata mara moja. Kule juu tulisimama, nikafungua mfuniko nikiwa nimeinamisha sikio. Pumzi fupi, ikaisha.

Ndani ya gari bado kulikuwa na harufu hafifu tukiwa mwendoni, lakini tukisimama ilikuwa ikipotea, na haikuwa ya petroli mbichi. Ni moshi. Mkia wa gari hili huacha hewa ya shinikizo dogo nyuma yake, na moshi wa ekzosi hurudi ndani kupitia gaskiti chakavu za taa za nyuma na mpira wa mlango mkubwa. Rafiki yangu ameshaagiza gaskiti hizo.