Mizani Nane za Mchikichini

Asubuhi katika soko la Karume, Mchikichini, Dar es Salaam, belo la mitumba hukatwa kamba, nguo zikamwagwa juu ya turubai, na muuzaji akaanza kuita: "Mia tano, mia tano! Mia tano, mia tano!" Mpita njia husikia bei. Mwenye sikio la ushairi husikia na jingine: mi-a-ta-no, mi-a-ta-no. Mizani nane kamili, nusu ya mshororo wa tarbia.

Nane hiyo Watanzania wengi waliipokea darasani, kabla hawajaijua jina. Iliwafikia katika shairi la yule baba aliyerudi mgonjwa kutoka safari ya mbali, wanawe wakamzunguka, naye akawaachia fumbo kwamba mali iko shambani. Kisa chenyewe ni cha kale. Kimo katika ngano za Aesop, na mwaka 1668 La Fontaine alikitungia shairi kwa Kifaransa. Mtoto wa shule ya msingi hakuwa na habari na Wagiriki wala Wafaransa. Alichokuwa nacho ni mdundo: nane, pumzi, nane, kina cha kati kikiita, cha mwisho kikiitikia, na ubeti ukirudi palepale shambani. Alilighani mbele ya wenzake, akalighani tena njiani akiwa ametumwa chumvi. Habari ya kifo na urithi ilimwingia baadaye sana, utamu ukiwa umeshatangulia.

Wapo wanaoona vina na mizani kuwa ni pingu. Euphrase Kezilahabi alizivua mwaka 1974 katika diwani yake ya Kichomi, na mashairi yale yana uzito wake. Ila mtu wa makamo aliyekwisha kusahau magazijuto bado anaweza kuuanza ubeti wa baba mgonjwa na kuumaliza, na kinachomshika mkono ni mizani hizohizo. Neno likimpotea, nafasi yake hubaki wazi ikimdai: silabi tatu, mwisho wake "li". Mara linarudi lenyewe.

Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga kanuni hizi katika Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kitabu cha mwaka 1954. Miaka michache baadaye akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Ni fahari kwa mji kuwahi kuongozwa na bingwa wa kuhesabu silabi.

Mtoto anayetaka kuanza kutunga, jina la mtaa linamtosha. Katika "mbili", "m" hubebwa na sauti inayofuata. Katika "Mchikichini" husimama peke yake, ikahesabiwa: m, chi, ki, chi, ni. Tano. Akiongeza "sokoni" zinatimia nane, na kina cha "ni" ameshakipata. Kipande cha pili cha mshororo kipo palepale kwenye turubai, bado kinaitwa: Mchikichini sokoni, mia tano mia tano.