Fundi Matimba Ametimiza Sabini

Katoro ni mji wa vijana. Wengi wanaoshuka stendi hapa wamefuata dhahabu ya Rwamgasa na Nyarugusu wakiwa bado na mikono ya kushika nyundo kutwa. Mchimbaji mzee ni adimu, na aliyewahi kuchungulia duara, yaani shimo la wachimbaji, hahitaji kuelezwa kwa nini. Kwa hiyo nikisikia kuna aliyetimiza miaka 70, kwanza nauliza alikuwa akifanya kazi gani huko chini.

Baba yangu mkubwa, aliyefika umri huo, alikuwa fundi matimba. Matimba ni magogo yanayopangwa mraba juu ya mraba kuzunguka kuta za duara. Kila gogo huchongwa kichwa likalie mwenzake, na nyuma yake husindiliwa viroba vya udongo ili ukuta usipate pa kusogea. Hayohayo ndiyo ngazi: mchimbaji hushuka akiyakanyaga moja baada ya jingine, gizani, bila kumfikiria aliyeyapanga. Anayekutana na mwamba wenye mali hujulikana hadi kwenye baa za Katoro. Fundi matimba je, amwonyeshe nani siku iliyopita salama?

Mwaka 2015 Nyangalata, kule Kahama, watu watano walitolewa chini ya ardhi baada ya siku 41. Januari 2017 Nyarugusu wakafukiwa 15, na baada ya siku chache wakatoka wote wakiwa hai. Nchi nzima ilishangilia, na ilistahili. Ila duara lililosimama miaka na miaka kwa sababu mtu alikataa gogo moja bovu halitangazwi redioni.

Kukataa ndiko kunakomfurahisha baba mkubwa sasa. Magoti hayamruhusu kushuka, basi vijana humletea magogo uani. "Shikamoo babu, tutazamie haya." Hugonga kila moja kwa kisigino cha shoka, sikio limeinamishwa. Gogo zima hulia kavu. Lililoliwa na mchwa kwa ndani sauti yake hufifia palepale. "Hili pelekeni jikoni." Wanabisha: mwamba umeshaonekana, hela ya magogo imekwisha. Zamani alilazimika kubishana nao, na bosi wa duara akimharakisha. Siku hizi anaomba chai tu. Mti, huwaambia wale wanaobaki kumsikiliza, hulalamika kabla haujavunjika. Mwenye masikio hupata nafasi ya kukimbia.

Siku yake ya kuzaliwa ni ya kwenye kitambulisho, 1 Julai, tarehe aliyopewa siku ya kuandikishwa. Mama yake alikumbuka tu kwamba pamba ilikuwa inavunwa. Wajukuu walinunua keki yenye krimu ya bluu. Alionja kwa adabu, akarudia matobolwa yake ya viazi vitamu, akiyachovya kwenye chai kwa kuyahurumia meno yaliyobaki. Pensheni hana, kwani enzi zake malipo yalikuwa mgao wa mifuko ya mawe. Angekuwa Mzanzibari angepata Pensheni Jamii, ambayo tangu 2016 hulipwa kwa waliofika umri huu. Nilipomdokezea, akauliza kama Unguja kuna maduara.

Wajukuu wakamtakia miaka mingine 70. Akakataa. Kumi inatosha, alisema, mradi vijana waendelee kuleta magogo mabovu.