Istilahi na Mkono wa Mtumiaji: Mfano wa Semi-trela

Aghalabu istilahi mpya hupimwa kwa vigezo vitatu: ufupi wake, ulinganifu wake na mfumo wa lugha, na kukubalika kwake kwa watumiaji. Makala haya yanapendekeza kigezo cha nne, ambacho sisi wakuza istilahi hatujakizingatia vya kutosha, yaani: mtumiaji alisikiapo neno, mkono wake utafanya nini? Tutakipima kwa kazi moja tu, nayo ni kuunga semi-trela kwenye kichwa cha lori.

Kazi hii si ngeni nchini. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, shehena za Zambia zilianza kupita kwa wingi katika barabara ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Hata baada ya reli ya TAZARA kukamilika katika miaka ya 1970, malori yaliendelea kupita. Pamoja nayo yalikuja maneno: semi, puling, utingo, breki za upepo. Maneno hayo yalizaliwa barabarani na gerejini, wala hayakungoja kikao cha kamati yoyote.

Kisa chenyewe kilitokea Itaka, katika Wilaya ya Mbozi. Semi-trela lilikuwa limeachwa kwenye uwanja wa udongo ili lipakiwe mahindi. Kichwa kiliporudi kulichukua, mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kunyesha, na magurudumu yake ya nyuma yalididimia katika mfereji wa matope. Utingo, kijana aliyekuwa mwanagenzi, alishika karatasi ya maelekezo iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Karatasi ilieleza kwamba mlio ukisikika, trela limekwisha kuunganishwa. Mlio ulisikika. Akainua miguu ya trela, akampigia dereva kelele kwamba tayari. Kichwa kiliondoka, na pua ya trela ikaanguka matopeni, mahali pale pale alipokuwa amesimama kijana huyo dakika moja kabla. Hakuumia mtu. Lakini karatasi ile niliitambua, kwani mfasiri wake alikuwa ameniletea niipitie, nami niliirudisha bila ya kusahihisha hata neno moja.

Sasa tuyachunguze maneno yake.

(a) Gurudumu la tano. Hii ni tafsiri sisisi ya jina la Kiingereza, lililotokana na magari ya kukokotwa na farasi, ambayo yalikuwa na duara ya chuma juu ya ekseli ya mbele ili iweze kugeuka. Kwa Mwingereza jina hilo lina historia. Kwa Mtanzania gurudumu la tano ni tairi la akiba. Kumbe kifaa kinachokusudiwa ni sahani nzito iliyolala mgongoni mwa kichwa, yenye mwanya na taya za kunasa pini ya trela. Hakibingiriki kamwe.

(b) Kuunganisha. Hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Kitenzi kimoja kimebebeshwa hatua tatu. Kwanza, trela huegemea sahani. Pili, taya huinasa pini. Tatu, mtu huhakikisha kwamba zimeinasa. Mlio peke yake hauthibitishi hatua ya pili. Kichwa kikididimia, kama kilivyodidimia Itaka, trela huwa juu kupita kiasi. Pini huweza kupita juu ya taya na kukaa mahali isipostahili, na kishindo kikasikika vile vile. Dereva mzoefu hulitambua hilo: hutazama kwa tochi kama taya zimeikumbatia pini, na kama hakuna mwanga unaopenya baina ya sahani na tumbo la trela, kisha, breki za trela zikiwa zimeshika na miguu ikiwa bado chini, huvuta mbele taratibu kwa gia ndogo. Ndipo hufikiria kuinua miguu. Karatasi yetu ilipotumia kitenzi cha kazi iliyokamilika mahali pa kazi iliyoanza, ilimwondolea msomaji sababu ya kuinama na kutazama.

(c) Mpira wa dharura. Katika malori yenye asili ya Ulaya, mpira wa upepo wenye rangi nyekundu ndio unaolisha trela upepo muda wote wa safari. Jina lake la dharura linatokana na jambo moja tu, kwamba ukikatika, breki za trela hujifunga zenyewe. Msomaji wa Kiswahili anaelewa kinyume, yaani mpira wa kutumiwa ajali inapotokea. Aidha, haambiwi jambo lililo la hatari zaidi: upepo uingiapo kwenye trela, breki zake huweza kuachia, na kama breki ya mkono ya kichwa haikuvutwa, chombo kizima kitaanza kutembea hali mtu amesimama katikati.

(d) Kingipini. Neno hili limekwisha enea gerejini, lakini kwa fundi wengi ni pini ya usukani katika ekseli ya mbele. Kulitumia kwa pini ya trela, yenye unene wa milimita 50 hivi, au 90 kwa mizigo mizito, ni kumpeleka fundi mahali pasipo.

Wako watakaopinga, wakisema kwamba istilahi haina budi kulingana na ya kimataifa ili msomaji aweze kurejea vitabu vya asili. Hoja hii ina uzito kwa mhandisi. Lakini karatasi ya maelekezo haiandikiwi mhandisi. Inaandikiwa mtu aliyeshika chuma, penye matope, mvua ikinyesha. Huyo harejei kitabu chochote.

Kwa hiyo tunapendekeza: sahani ya kuungia, pini ya trela, mpira wa kulisha upepo, na vitenzi vitatu vitenganishwe, kuegemea, kunasa na kuunga, hicho cha mwisho kitumike tu baada ya kukagua na kuvuta. Majina haya yajaribiwe kwanza na madereva na utingo kwenye foleni ya Tunduma, ndipo yaletwe mezani. Yakikataliwa huko, tutafute mengine.

Sahihisho hili lilistahili kuandikwa kabla ya trela lile kuanguka.