Urudiaji na Uhamaji: Suala la Istilahi katika Uhakiki wa Muziki wa Steve Reich

Muziki uliochipuka Marekani katika miaka ya 1960, mikononi mwa watunzi kama Terry Riley, Steve Reich na Philip Glass, ni rahisi kuuelezea kwa neno moja: urudiaji. Neno hilo si la uongo, lakini halitoshi. Tena laweza kumpotosha mhakiki wa Kiswahili aliyelizoea katika ushairi, ambamo kibwagizo hurudi mahali pake palepale, mwishoni mwa ubeti.

Tuchukue mfano wa utungo wa Reich uitwao Clapping Music (1972). Wapigaji ni wawili, na ala yao ni viganja tu. Kipande kizima kina nafasi 12 zilizo sawa: 8 ni za makofi na 4 ni za kimya. Mpigaji wa kwanza habadili chochote tangu mwanzo hadi mwisho. Wa pili huanza sambamba naye, kisha, baada ya kukirudia kipande mara kadhaa, husogea nafasi moja. Husogea tena na tena, hata baada ya misogeo 12 wakakutana upya. Hakuna aliyepiga kipande kigeni, ila sikio limesikia michanganyiko mipya kila mara. Upya huo haukutoka katika mapigo yenyewe, bali katika uhusiano wa mahali pake. Mbinu hii yastahili kuitwa uhamaji. Nao uhamaji ni wa aina mbili: wa hatua, kama katika utungo huu, na wa polepole, kama katika Piano Phase (1967), ambamo mpiga piano mmoja huongeza mwendo kidogo kidogo hadi amtangulie mwenziwe.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Reich alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, na msomaji mwepesi wa kuhukumu atasema kwamba uhamaji aliutoa huko. Lakini Piano Phase ilitangulia safari hiyo. Isitoshe, katika ngoma za Waewe kengele ya gankogui hushika njia yake, na kila ala inayoandamana nayo huwa na mahali pake pa kuingilia. Ufundi umo katika kutotoka hapo huku wengine wakivuta upande wao. Mhakiki anayeziita mbinu zote mbili urudiaji ataishia kuisifu Afrika kwa kisicho chake, na kuinyima kilicho chake.